Maswali ya Wasomaji: Ostia, Bandari ya Roma Iliyoachwa Nchi Kavu

Katika toleo lililopita tulichapisha picha za magofu ya Ostia, mji uliokuwa bandari ya Roma ya kale, pamoja na maelezo ya aya mbili tu. Barua zilizofuata zimetuonyesha kwamba aya mbili hazikutosha, kwa hiyo safu yote ya leo tumeutolea mji huo. Barua ndefu tumezifupisha bila kugusa maana yake.

Ndugu Mhariri, mimi ni mstaafu wa bandari ya Tanga, nilifanya kazi enzi ambazo meli kubwa zilitia nanga mbali na shehena ikaletwa gatini kwa matishari. Picha zenu zinaonyesha mji uliozungukwa na miti ya misonobari na nyasi. Bahari haionekani hata kwa mbali. Mnawezaje kusema ilikuwa bandari? Bahari ilikwenda wapi?
*Mzee wa Chumbageni, Tanga*

Shikamoo Mzee wetu. Mtu aliyewahi kushusha magunia kutoka kwenye tishari ataielewa Ostia haraka kuliko wengi wetu, kwa sababu mji ule uliishi kwa kazi hiyohiyo. Ulijengwa kwenye mlango wa mto Tiber, kusini-magharibi mwa Roma, mahali pale mto ulipomwagika baharini. Masimulizi ya Warumi yalidai kwamba uliasisiwa na mfalme Ancus Marcius katika karne ya 7 KK, lakini kuta kongwe zilizofukuliwa, ambazo ni za ngome ndogo ya mawe, ni za karne ya 4 KK. Tangu mwanzo mlango huo wa mto haukuwa na kina cha kuridhisha. Mwanajiografia Strabo aliandika kwamba meli kubwa zilitia nanga nje, katika bahari isiyo na kinga, zikapunguziwa mzigo na vyombo vidogo kabla ya kuthubutu kuingia mtoni. Zile kubwa kabisa, zilizobeba ngano ya Misri kutoka Aleksandria, zilifunga Puteoli karibu na Napoli, na shehena yake ikasafirishwa tena kwa vyombo vingine kupanda pwani hadi Ostia.

Kilichoifukuza bahari ni tope. Tiber hushuka kutoka milimani umebeba udongo na mchanga mwingi, na ukifika baharini nguvu yake hupungua na mzigo huo huutua papo hapo. Mwaka mmoja hauonyeshi kitu, lakini karne ishirini zimeisogeza pwani kwa takriban kilomita 3. Mto nao umehama: mafuriko makubwa ya mwaka 1557 yaliukata mpindo uliopita kando ya mji, maji yakajichimbia njia mpya na mpindo wa zamani ukabaki mfu. Ushahidi wa jambo hilo unasimama hadi leo hatua chache kutoka kwenye magofu, nao ni ngome iliyojengwa katika miaka ya 1480 na kardinali Giuliano della Rovere, ambaye baadaye alikuwa Papa Julius II. Ilijengwa ukingoni mwa mto ili kuwalinda wapitao na kuwatoza ushuru, na sasa imezungukwa na nchi kavu pande zote.

Warumi hawakukaa wakitazama tu. Mwaka 42 BK Kaisari Claudius alianza kuchimba bandari mpya kilomita kama 3 kaskazini mwa mji. Mwanahistoria Cassius Dio anasimulia kwamba wahandisi walimtajia gharama kubwa wakitumaini atakata tamaa, naye akaendelea vilevile. Alijenga kuta mbili ndefu za kuvunja mawimbi, na kati yake akazamisha meli kubwa mno iliyokuwa imeleta mnara wa jiwe kutoka Misri, ule unaosimama leo mbele ya Kanisa la Mtakatifu Petro, ili meli hiyo iwe msingi wa mnara wa taa. Bandari hiyo ilikuwa kubwa lakini kinga yake ilikuwa dhaifu, kwani mwaka 62 dhoruba iliangamiza meli kama 200 zikiwa ndani yake. Ndipo Kaisari Trajan, mwanzoni mwa karne ya 2, akachimba dimbwi la ndani lenye umbo la pembesita, kila upande ukiwa na urefu wa takriban mita 358, na mifereji ya kuliunganisha na mto. Hapo meli zilifunga gatini kwa utulivu, na matishari yakapanda mto hadi Roma yakivutwa kwa kamba kutoka ukingoni.

Mtu angetarajia kwamba bandari mpya, iliyoitwa Portus, ingeiua Ostia mara moja. Ikawa kinyume chake, kwani karne ya 2 ndiyo iliyokuwa ya neema, na majengo mengi unayoyaona pichani ni ya wakati huo, maana makarani, wenye meli, mafundi na wapagazi wa Portus walikaa Ostia. Udhaifu ulikuja polepole baada ya Kaisari Constantine kuipa Portus hadhi ya mji wake mwenyewe. Katika karne ya 9 Papa Gregory IV alijenga kijiji chenye kuta kuwakinga waliobaki dhidi ya mashambulizi ya kutoka baharini, na baadaye hata hao walisongwa na kinamasi na malaria. Eneo hilo lilianza kukaushwa mwaka 1884 na vibarua waliotoka Ravenna katika jimbo la Romagna, na barabara inayopita mbele ya magofu bado ina jina lao. Mwaka 1900 watafiti waliotumwa kutoka London waliishi karibu na Ostia msimu mzima wa malaria katika kibanda kilichozibwa kwa wavu, wakijifungia humo tangu jua kuzama hadi asubuhi, na hawakuugua. Sisi tunaolala chini ya chandarua tuna deni kwa kinamasi kile.

Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Nitakuwa Roma kwa mafunzo na nitapata siku moja tu ya matembezi. Wenzangu wananisukuma niende Pompeii. Je, Ostia ina nini ambacho Pompeii haina, na nikifika niangalie nini?
*Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, nitakujibu kwa urefu kwa sababu naamini wenzako wamekunyima nusu ya somo. Pompeii ilikufa kwa siku chache za mwaka 79 BK, ikafunikwa na majivu ya volkano ya Vesuvius, na ndiyo maana mikate ilikutwa ndani ya tanuri. Ostia haikupata msiba wa namna hiyo. Watu wake waliondoka kizazi baada ya kizazi na vyombo vyao, na waliowafuata waling'oa marumaru na kuyachoma ili kupata chokaa. Kwa hiyo usitarajie samani wala chakula kilichokauka. Utakachokuta ni mji uliostawi wakati Pompeii ilikuwa imekwisha kuzikwa, mji wa matofali ya kuchoma na nyumba za ghorofa za kupangisha, maduka yakiwa chini na makazi juu, na ngazi za wapangaji zikianzia moja kwa moja barabarani ili mtu wa juu asilazimike kupita dukani kwa mwenzake. Roma yenyewe ilijaa majengo ya aina hiyo, lakini karibu yote yako chini ya mji wa leo. Anayetaka kujua mkazi wa kawaida wa Roma aliishi vipi hana mahali bora pa kuuliza.

Ukiingia, usikimbilie hekalu la uwanja mkuu. Tazama kwanza vizingiti vya maduka kando ya barabara kuu. Vingi ni vya jiwe la travatini, na kila kimoja kina mfuo mrefu mwembamba uliochongwa kuanzia upande mmoja hadi karibu na mwisho wa pili, ambapo mfuo unakoma na kuacha nafasi ya upana wa mlango pamoja na tundu dogo la egemeo. Ndani ya mfuo huo zilisukumwa mbao zilizosimama, moja baada ya nyingine, hadi duka likazibwa. Ubao wa mwisho ulikuwa mlango unaozunguka katika lile tundu, nao ndio uliofungwa kwa komeo. Nyuma ya duka, kwenye kona, utaona ngazi nne au tano za matofali zinazokomea hewani. Zilizofuata zilikuwa za mbao, na zilipanda hadi kwenye roshani ya ndani ambako mwenye duka na jamaa zake walilala. Ukishaviona viwili hivyo, kizingiti na ngazi, utaweza kuusoma mtaa mzima bila msaada wa mtu.

Kisha nenda kwenye uwanja ulio nyuma ya ukumbi wa maigizo. Pande zake zina vyumba vidogo takriban 60 vilivyopangwa kwa safu, na mbele ya vingi sakafu imetiwa nakshi za vijiwe vyeusi na vyeupe zinazowatangaza wenye biashara: wenye meli wa Carthage, wafanyabiashara na wenye meli wa Cagliari huko Sardinia, watu wa Narbonne wa kusini mwa Ufaransa, na watu wa Sabratha, ambao alama yao ni tembo. Kuna minara ya taa, pomboo, vipimo vya nafaka, na picha moja ambayo ningependa Mzee wetu wa Tanga aione: mpagazi akihamisha mtungi kutoka meli ya baharini kwenda chombo cha mtoni. Mbali kidogo, katika ukumbi wa chama cha wapimaji nafaka, sakafu inaonyesha kazi yenyewe. Mmoja amebeba gunia, mwingine ameshika kijiti cha kusawazishia kipimo kilichojaa, na kijana mdogo ameshika vijiti vilivyotungwa kwenye kamba kwa ajili ya kuhesabu magunia yaliyopita. Mimi nadhani hakuna ukurasa wa kitabu cha shule unaoeleza uchumi wa dola ya Roma vizuri kuliko sakafu ile.

Maghala nayo usiyapite. Katika Maghala Makubwa sakafu za vyumba ziliinuliwa juu ya vikuta vifupi ili hewa ipite chini na nafaka isipate unyevu. Ghala jingine lina kibao cha marumaru juu ya lango chenye majina ya wenyewe, Epagathus na Epaphroditus, ambao kwa majina yao ya Kigiriki wanahesabiwa kuwa watumwa walioachwa huru. Waliopanda ngazi ya maisha kwa njia hiyo walikuwa wengi mjini hapo. Kuna pia chumba chenye mapipa 35 ya udongo yaliyozikwa hadi shingoni kwa ajili ya divai au mafuta, na baadhi yake yamechorwa tarakimu za ujazo wake. Na katika kiwanda cha mikate, karibu na Barabara ya Diana, mawe ya kusagia ya volkano bado yamesimama mahali pake. Angalia miguuni pako: sakafu ya hapo imewekwa mawe meusi ya barabarani, kwa sababu wanyama waliozungusha mawe hayo wangeichimba sakafu ya kawaida wakaiharibu kabisa.

Watu wenyewe wamejiacha humo humo. Kwenye duka la samaki kuna pomboo anayeng'ata pweza, na maandishi yanayomwambia mwenye husuda kwamba anakanyagwa, maneno ambayo yangeuzika vizuri sana kwenye kanga. Katika hamamu ya waendesha magari ya kukokotwa, nyumbu wa sakafuni wameandikiwa majina yao, na mmoja anaitwa Podagrosus, yaani mwenye ugonjwa wa jongo. Ukumbi wa maigizo, hekalu kuu na hamamu ya Neptune yenye farasi wa baharini vinapendeza, lakini vya aina hiyo utaviona katika miji mingi ya Warumi. Mwisho, pita kwenye sinagogi lililo karibu na lango la baharini, lililogunduliwa mwaka 1961 wakati wa kujenga barabara ya uwanja wa ndege wa Fiumicino. Ni miongoni mwa masinagogi ya kale zaidi yanayojulikana nje ya nchi ya Israeli.

Tunaishi Ujerumani na tuna watoto watatu wadogo. Je, ni mahali pa kwenda na watoto, na tunafikaje kutoka Roma?
*Baba wa familia, Hamburg*

Ni mahali pazuri kwa watoto kuliko makumbusho yoyote ya Roma, kwa kuwa kuna nafasi ya kukimbia na vyumba vingi vya kuingia na kutoka. Pandeni treni katika kituo cha Porta San Paolo, kilicho kando ya kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Piramide, mshuke Ostia Antica baada ya takriban nusu saa. Tiketi ya kawaida ya usafiri wa mjini inatosha. Kutoka kituoni mnavuka daraja la waenda kwa miguu na kutembea dakika chache. Kwa kawaida magofu hufungwa Jumatatu, na Jumapili ya kwanza ya mwezi kiingilio ni bure. Barabara kuu ina urefu unaozidi kilomita moja na mawe yake hayako sawa, hivyo kigari cha mtoto kitawatesa. Vaeni viatu vya kufunga, chukueni kofia na maji. Waombeni pia watoto waheshimu nakshi za sakafuni, hata pale ambapo hakuna kamba ya kuwazuia. Na mkija kwa ndege kupitia Fiumicino, mketi dirishani: ndege nyingi zinapokaribia kutua, lile dimbwi la pembesita la Trajan huonekana wazi likiwa bado na maji.

Mheshimiwa Mhariri, parokia yetu inaandaa hija ya Roma. Mimi ni mmoja wa akina mama wa Kikundi cha Mtakatifu Monika. Ni kweli kwamba alifariki Ostia, na kuna kitu cha kuona?
*Mama wa parokia, Moshi*

Ni kweli, Mama. Monika na mwanawe Augustino walikuwa Waafrika, wenyeji wa Thagaste, ambayo leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Mwaka 387, baada ya Augustino kubatizwa Milano, walishuka hadi Ostia kungoja meli ya kuwarudisha nyumbani. Augustino mwenyewe ameandika kwamba walisimama wawili dirishani, wakitazama bustani ya nyumba waliyofikia, wakazungumza juu ya uzima wa milele. Siku chache baadaye mama yake akashikwa na homa, akafa akiwa na umri wa miaka 56. Wanawe walipohuzunika kwamba angezikwa ugenini, aliwaambia wauzike mwili wake popote, ila wamkumbuke altareni kwa Bwana.

Nyumba hiyo haionyeshwi, na mtu akidai kuwaonyesha msimsadiki. Lakini kitu cha kuona kipo. Katika kijiji kilicho chini ya ile ngome niliyomtajia Mzee wa Tanga kuna kanisa la Mtakatifu Aurea. Mwaka 1945 vijana waliokuwa wakichimba shimo kando ya kanisa hilo walikutana na kipande cha jiwe chenye maandishi ya Kilatini, na kiligundulika kuwa ni sehemu ya maandishi ya kaburi la Monika, ambayo maneno yake yalikuwa yakijulikana kupitia nakala za kale. Kipande hicho kimehifadhiwa kanisani humo. Masalia yake yalihamishiwa Roma mwaka 1430, nayo yamo katika Kanisa la Mtakatifu Augustino, si mbali na Piazza Navona. Kwa hiyo msiishie Roma mjini. Nusu siku ya Ostia, kanisani kwanza na magofuni baadaye, inafaa kabisa kuingizwa katika ratiba yenu.

Nimesikia mtu akieleza kwamba tembo wa kwenye sakafu ya Ostia ni ushahidi kuwa pembe za ndovu za pwani yetu ziliuzwa pale. Je, ni kweli?
*Mwanafunzi wa chuo, Zanzibar*

Ndugu mwanafunzi, dai hilo limeunganisha mambo mawili ambayo kila moja ni la kweli peke yake. Yule tembo ni wa watu wa Sabratha, na maandishi yaliyo juu yake yanasema hivyo waziwazi. Sabratha ilikuwa bandari ya Afrika ya Kaskazini, katika Libya ya leo, na biashara yake ilielekea bara la nyuma yake na ng'ambo ya Bahari ya Mediterania. Tembo huyo hawezi kubebeshwa habari za Azania, kama Wagiriki walivyoiita pwani yetu.

Habari za pwani yetu ziko katika maandishi mengine, yaani mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK na mtu aliyejua biashara ya Misri. Mwongozo huo unaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la Azania, unasema kwamba pembe za ndovu zilitoka huko kwa wingi, pamoja na pembe za kifaru na magamba ya kasa, na kwamba walioleta bidhaa walileta mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo. Wataalamu bado wanabishana mji huo ulikuwa sehemu gani hasa ya pwani ya Tanzania.

Njia ya bidhaa hizo kuelekea Roma inaeleweka vizuri zaidi. Vyombo vya Bahari ya Shamu vilishusha Berenike au Myos Hormos, ngamia wakavuka jangwa hadi Koptos kwenye mto Nile, na mashua zikashuka na mto hadi Aleksandria, ambako serikali ilitoza robo ya thamani ya mali iliyotoka mashariki. Kutoka Aleksandria ndipo meli zilipoelekea Italia, kwanza Puteoli na baadaye Portus, zikipigana na upepo wa kaskazini-magharibi safari nzima, hivyo zikitumia muda mrefu zaidi kwenda kuliko kurudi. Ikiwa unatafuta mada ya utafiti, usiianzie kwenye sakafu za Ostia. Anzia Berenike, ambako wachimbaji wamekuta pilipili manga ya India kwa wingi pamoja na bidhaa nyingine za Bahari ya Hindi, halafu uifuate njia hiyo kituo kwa kituo hadi kwenye magati ya Trajan. Na huku Ostia kazi haijaisha: mwaka 2014 watafiti wa Uingereza na Italia waliopima ardhi kwa vyombo vya sumaku, bila kuchimba, waligundua ng'ambo ya Tiber ukuta wa mji na majengo makubwa, matatu kati yake yakidhaniwa kuwa maghala, na hakuna hata moja lililofukuliwa wakati huo.